Jibu: Mtoto na upinde, mshale unakwenda kushoto

Salaam mkuu. Umesema mwanao wa miaka 9 akivuta upinde mikono inatetemeka, na mshale unakwenda kushoto. Anza na upinde wenyewe, ni mgumu kwake. Mtafutie mwepesi, avute kamba mpaka pembeni mwa mdomo na atulie hapo. Kisha, kwa huo mshale kwenda kushoto, pima jicho lake lenye nguvu ni lipi: aunganishe viganja aache tundu dogo, akutazame kupitia humo. Jicho utakaloliona ndilo la kulengea. Kwa mwanangu tatizo lilikuwa hilo la jicho tu! Shabaha yetu huku Bagamoyo ni kiroba kilichoshindiliwa matambara, nyuma yake kichuguu. Na asiachie kamba bila mshale, upinde unaweza kupasuka. Mawindo yasubiri: bila leseni mtakamatwa, na Saadani ni hifadhi ya taifa, hata ngiri msimguse.