Sabuni, mkaa na vitundu vyake: maswali yenu

*Mkaa amilifu unanyonya sabuni kama sponji?*

Hapana, sponji inanyonya maji yenyewe, mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vingi vidogo sana, unanasa molekuli kwenye kuta za vitundu hivyo. Molekuli ya sufaktanti, yaani ile inayoipa sabuni povu, ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, sasa mkia ukikuta ukuta wa kaboni ambao nao haupatani na maji unajilaza hapo, kichwa kinabaki kimeelekea majini.

*Mkaa wangu umeandikwa eneo la mita za mraba 1500 kwa gramu lakini unanasa SDS (sufaktanti moja ya kawaida) kidogo kuliko wa 900. Nimepigwa?*

Hujapigwa. Namba hiyo kwa kawaida hupimwa kwa gesi ya naitrojeni, na naitrojeni ni kadogo, kanapenya hata kitundu kisichofika nanomita 1. SDS ikinyoosha mkia wake wa kaboni 12, mkia peke yake ni kama nanomita 1.7, halafu kuna kichwa chenye chaji na maji yake yamekizunguka, kwa hiyo kwenye vitundu vya chini ya nanomita 2 inaingia kwa tabu, zikitangulia chache zimeshaziba mlango na eneo lote la ndani linabaki pambo tu. Mimi hiyo namba kubwa ya kwenye pakiti huwa hainishtui, nauliza kwanza vitundu vya nanomita 2 mpaka 50 vipo vingapi.

*Nikizidisha sabuni, mkaa nao utazidi kunasa?*

Mpaka kiwango fulani. Kwenye maji safi SDS ikifika kama milimoli 8 kwa lita, molekuli zinaanza kujikusanya, mikia ndani vichwa nje, ndo maiseli hizo, upana kama nanomita 4. Hapo kila unachoongeza kinaenda kwenye maiseli, molekuli zinazotembea peke yake haziongezeki sana na ndizo zinazonasa, basi grafu ya kiasi kilichonaswa inalala.

*Chumvi je?*

Kwa SDS inasaidia. Vichwa vyote vina chaji hasi, vinasukumana, sodiamu ya chumvi ikijaa katikati vinatulia na kubanana zaidi ukutani. Sufaktanti isiyo na chaji haitajali sana.

*Nimetikisa mkaa na maji ya sabuni saa nzima, kipimo cha sabuni iliyobaki majini bado kinashuka.*

Endelea kutikisa, bado haijatulia. Punje kubwa safari ya ndani ni ndefu, ukizisaga utafika mapema ila usitegemee mkaa kubeba mzigo mkubwa zaidi.