Muulize fundi, lakini saa yake si yako

Mimi si seremala. Riziki yangu iko ofisini. Mbao ni kazi ya jioni na ya Jumapili, barazani kwangu hapa Walukuba, Jinja, Uganda. Ila majirani wameona meza na vigoda vikitoka kwenye baraza hiyo, basi kila mwenye hamu ya kuanza hunijia na swali lile lile: ninunue mashine gani? Huwa nawajibu kwamba mashine isubiri. Nenda kwanza kwa fundi aliye karibu nawe, ukae, uulize, halafu yale atakayokuambia uyachuje.

Uyachuje, si kwa sababu fundi ni mwongo. Seremala wa kando ya barabara anaijua mbao kuliko nitakavyoijua mimi maishani mwangu. Lakini yeye ana kodi ya kibanda, ana kijana wa kumlipa, na mteja keshaambiwa "njoo Jumamosi". Ushauri wake wote umesimama juu ya Jumamosi hiyo. Muulize habari za kumalizia meza, atakwambia, "Bosi, paka sila, piga laka, jioni unabeba." Sila ni kipako cha kuziba mbao, laka ni cha kung'arisha juu yake. Kwake ni jibu sahihi kabisa. Wewe huna mteja, huna kompresa ya kupulizia laka, na meza ikichelewa wiki tatu hakuna atakayekupigia simu.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu yake. Usimwendee asubuhi akiwa anapasua. Nenda mchana jua likiwa kali na kazi imepoa, na soda mkononi haidhuru. Chukua kipande cha mbao unayotaka kuitumia. Na badala ya "kifaa gani bora?", sema, "Mzee, nionyeshe unavyonoa patasi." Swali la kwanza litakupa jina la duka la rafiki yake. La pili litakupa elimu.

Kwa sababu kunoa ndiko kazi yenyewe. Msumeno, randa ya mkono namba 4, patasi ya nusu inchi na ya inchi moja, nyundo, skwea, tepu na drili vinatosha kutengeneza karibu kila kitu cha nyumbani, ila vikiwa butu havitoshi hata kigoda. Mawe mazuri ya kunolea ni ghali na hayapatikani kila mji. Mimi natumia kioo. Mkata vioo yeyote ana mabaki ya kioo kinene. Kisha nenda duka la rangi za magari ununue msasa wa maji, namba 400, 1000 na 2000. Lowesha kioo, lalisha msasa, utashika wenyewe. Anza na mgongo wa patasi, uubane chini kabisa mpaka karibu na makali pang'ae. Ndipo ugeuze upande wenye mteremko, nyuzi 25 hadi 30, usugue hadi uguse mgongoni na kusikia ukingo mwembamba unaokwaruza kidole. Ukingo huo ndio habari kwamba umefika kwenye makali. Uondoe kwa kusugua mgongo mara chache, panda msasa laini zaidi, rudia.

Kisha jaribu kwenye paini, si kwenye mbao ngumu. Kata kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapoishia. Mbao ngumu humsamehe mwenye patasi butu. Paini ni laini, nyuzi zake hulala na kupondeka badala ya kukatika. Patasi ikiacha uso unaong'aa kwenye kichwa cha paini, imenoleka.

Randa ya mtumba mara nyingi inashinda mpya ya bei rahisi. Igeuze uangalie kitako chake: kutu ya juu juu si kitu, ufa mdomoni ni wa kukimbia. Patasi za kufuliwa kwa springi za gari nazo ni nzuri zikipikwa vizuri motoni hadi chuma kiwe kigumu. Pitisha tupa kwenye makali kabla ya kulipa, na tupa ikila chuma kama inakula msumari wa kawaida, rudisha. Msumeno ni hadithi nyingine. Hii mipya yenye meno ya rangi nyeusi-buluu nchani, meno yake yamefanywa magumu kwa moto, tupa huteleza juu yake. Ikiisha makali, imeisha. Ukitaka msumeno wa kudumu tafuta wa zamani wenye meno meupe, halafu tupa ya pembetatu.

Kuhusu mashine niseme moja tu. Vifaa vya mtumba kutoka Marekani, na vile vya njano vya maeneo ya ujenzi ya Uingereza, vingi ni vya volti 110 au 120. Umeme wetu ni 240. Soma kibandiko kabla hujachomeka.

Vibano vya kushikilia kiungo gundi ikikauka usinunue kwa haraka. Kata tyubu ya baiskeli iwe ukanda mrefu upana wa vidole viwili, paka gundi nyeupe kwenye kiungo, zungusha ukanda huku unauvuta kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko. Kila mzunguko unaongeza shinikizo, na kigoda chenye miguu iliyoinama, ambacho kibano cha chuma hakipati pa kukishika, tyubu hukikumbatia bila tatizo.

Sasa mbao. Hapa ndipo saa ya fundi inapokuumiza zaidi. Paini ya Ndeeba, soko la mbao la Kampala, au ya yadi yoyote mjini kwako, nyingi huuzwa ikiwa ingali na maji. Ishike, utahisi baridi na uzito. Mbao ikikauka haipungui urefu kwa kiasi cha kuonekana, hupungua upana. Ubao wa inchi 12 uliopigwa mbichi unaweza kupoteza robo inchi au zaidi, na kama umeubana kwa misumari pande zote mbili, utapasuka katikati. Nunua sasa mbao utakayoitumia baadaye. Ipange barazani juu ya vijiti vya unene mmoja, hewa ipite, na vichwa uvipake rangi yoyote iliyobaki ili visipasuke. Kata kipande kimoja kidogo, kipime kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito juu yake kwa penseli. Kipime kila juma. Uzito ukiacha kushuka, mbao imefikia ukavu ambao hewa ya kwako inauruhusu, na huku kando ya ziwa, msimu wa mvua, usitarajie miujiza.

Mvule kila mtu anautaka, na hapa Busoga tumeukata hadi aibu. Ushauri wangu ni mvule mzee: mlango uliong'olewa, kitanda cha bibi kilichovunjika. Umeshakauka zamani, hautapinda tena. Pitisha sumaku ya spika bovu juu yake kabla ya randa, misumari imejificha humo. Na usishangae ukikutana na jiwe. Ndani ya mvule hujikusanya chokaa ngumu inayotoboa makali ya randa. Mbao iliyolizunguka jiwe huwa nyeusi kidogo kuliko jirani zake, hapo ndipo pa kupunguza kasi. Peleti za viwandani, zile chaga za kubebea mizigo, nazo ni mbao ya kuanzia: tafuta muhuri wa HT, maana yake ilitibiwa kwa joto. Yenye MB ilipigwa dawa ya sumu, iache.

Kumalizia: laka ya fundi hukauka kwa dakika, na hilo ndilo tatizo lake kwa mtu mwenye brashi. Siku ya unyevu inaweka ukungu mweupe, na kikombe cha chai ya moto kinaweza kuacha duara. Kwa meza ya nyumbani mimi nachukua vanishi ya poliyurethani ya mafuta, naichanganya nusu kwa nusu na tapentaini, napaka kwa kitambaa cha pamba, nyembamba sana. Matabaka manne au matano, siku moja kati ya kila moja, msasa laini katikati. Haina alama za brashi, na vumbi likitua halina pa kuzama. Kwenye mvule kwanza paka shelaki, kipako cha kuziba mbao, kwa sababu mvule una kemikali inayoizuia vanishi ya mafuta isikauke. Utakaa na meza inayonata. Shelaki huyeyushwa kwa spiriti kali. Kuna aliyeniuliza kama waragi inafaa. Haifai, zaidi ya nusu yake ni maji, na maji huigeuza shelaki kuwa maziwa.

Mwiko na sahani za mbao usizipake vanishi. Mafuta ya kupikia nayo mengi hayakauki, yataoza na kunuka. Nunua liquid paraffin ya duka la dawa, isiyo na rangi wala harufu. Narudia, duka la dawa. Si mafuta ya taa.

Kama utatumia mafuta ya kitani (linseed) kumalizia mbao, angalia matambara yako. Mafuta hayo hukauka kwa kunywa hewa, na yakinywa hewa hutoa joto. Tambara lililokunjwa na kutupwa kwenye kona linaweza kujiwasha lenyewe bila kiberiti. Litandaze nje likauke, au lizamishe kwenye ndoo ya maji.

Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, na tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao kwa jumla kati ya visababishi vya saratani. Vaa barakoa, fanyia kazi nje, fagia baada ya kunyunyiza maji. Maranda ya paini safi mpe jirani mwenye vifaranga. Ya mvule usimpe. Na mabaki ya mbao iliyotiwa dawa, ile yenye ukijani, au kipande cha nguzo ya umeme, usiyaweke kwenye sigiri hata mkaa ukiisha: dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, na moshi wake unaingia chakulani.