Kuziba shamba kwa majani marefu yaliyopandwa kwa vipande: mabingobingo, gwatemala au vetiva?

Mkuu uliyeuliza, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyotangulia. Umeona video za Wamarekani wanaopanda majani marefu kwenye mashamba yao ya kuwindia ili kulungu wasimwone mwindaji akiingia. Wewe una shamba upande wa West Kilimanjaro, linapakana na kitalu cha uwindaji, na unataka ukuta wa majani kati ya kambi yako ndogo ya wageni na barabara. Umeuliza kama unaweza kukata vipande vya mabingobingo kwa ndugu zako Machame ukavipeleke kule, na wadau wengi wamekujibu kwamba yale yanaota popote.

Kuota yataota. Ila kwa upande ule mimi nakushauri usiyapande kabisa. Nitaeleza sababu, kisha nitaeleza jinsi ya kukata na kupanda vipande, kwa sababu najua humu kuna watu wa Kisongo, Usa River, Tengeru na huku Moshi ambao mabingobingo yatawafaa sana. Kupanda wigo wa majani kwenye mashamba na nyumba za wageni ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo naandika nilichokishika kwa mikono.

Tuanze na hayo majani ya Marekani. Yanaitwa miskanthasi kubwa, chotara wa aina mbili za miskanthasi za Asia Mashariki. Yalitolewa Japani yakapelekwa Denmark miaka ya 1930, na baadaye yakasambaa Ulaya na Marekani. Kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba urithi, ziko seti tatu badala ya mbili, ndiyo maana hayatoi mbegu inayoota, na mtu akitaka kuyazidisha lazima apande vipande vya shina lake la chini ya ardhi. Yanafika mita 3 hadi 4 baada ya misimu miwili mitatu, na mabua yake husimama hata yakishakauka wakati wa baridi kali. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kulungu wa kwao hawayashambulii. Ukuta wao unasimama kwa sababu mnyama wanayemwinda hana hamu nao.

Sasa linganisha na huku. Mabingobingo, ambayo wengine mnayaita matete au majani ya tembo, ni chakula. Ni majani ya asili ya Afrika hii hii, tembo anayajua vizuri, nyati anayajua vizuri. Shamba lako liko kwenye eneo ambalo tembo wanapita kati ya Amboseli na msitu wa Kilimanjaro. Ukipanda mistari miwili ya mabingobingo yaliyomwagiliwa, mwezi wa nane au wa tisa ambapo kila kitu kimekauka, utakuwa umewaandalia karamu pembeni ya mahema ya wageni. Nimeona kambi moja upande huo ambako ukuta ulikuwa umefika urefu wa kumzidi mtu, ukanawiri kweli kweli. Tembo wakaja usiku mmoja tu, asubuhi yamebaki mashina yaliyokanyagwa na bomba la maji limepasuka. Wakawa wanarudi hata baada ya majani kuisha, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu tembo akishazoea mahali haondoki kwa urahisi.

Nyati ndiye ananitia hofu zaidi. Mmarekani anapopita nyuma ya majani yake kwenda kwenye kiti cha kuwindia, mara nyingi kitu kibaya zaidi anachokutana nacho ni kulungu aliyeshtuka. Huku kwetu njia ya miguu iliyozibwa na majani mazito pande zote mbili ni mahali ambapo nyati dume anaweza kuwa amejilaza hatua tano mbele yako na usimwone. Kwenye maeneo ya wanyama, njia ya kwenda chooni, jikoni na kwenye mahema iwe wazi, mtu aone mbele. Ukuta uuweke upande wa barabara peke yake, na uache nafasi kubwa kati ya majani na mahali watu wanapopita.

Jingine ni kwamba ardhi ya kuwindia ya Marekani mara nyingi ni mali ya mtu binafsi, anapanda anachotaka. Kitalu cha uwindaji hapa si cha jirani yako, kipo chini ya usimamizi wa TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, na ukiona majani yamevuka mpaka hujavamia shamba la mtu, umeingiza mmea kwenye eneo la wanyamapori. Panda ndani ya mpaka wako, tena aina isiyosambaa. Na kwa wale walioanza kuulizana namna ya kuagiza miskanthasi kutoka nje: mmea hai hauingii nchini bila kibali cha afya ya mimea. Wanaohusika ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, makao makuu yako hapo Ngaramtoni, Arusha. Mimi sioni haja hiyo, maana tuna majani ya kutosha hapa hapa.

Kwa shamba lako basi, chaguo langu ni vetiva. Haifiki urefu wa mabingobingo, majani yake yanaishia mita moja na nusu au mbili ikiwa na afya. Lakini mizizi yake inashuka wima mita 2 hadi 4, inavumilia ukame, na majani yakishakomaa yanakuwa makali na magumu kiasi kwamba hata ng'ombe anayala akiwa na njaa tu. Aina inayopandwa kwa kuzuia mmomonyoko haitoi mbegu zinazoota, kwa hiyo haitembei. Hii haipandwi kwa vipande vya bua. Unang'oa shina zima, unaligawa kwa mkono au panga liwe vichane vyenye machipukizi mawili au matatu, unapunguza majani yabaki urefu wa shubiri moja na mizizi ibaki nusu ya hapo, unaloweka kwenye maji siku chache mpaka uone vijizizi vyeupe, ndipo unapanda. Kati ya kichane na kichane iwe sentimita 10 hadi 15. Ukiachanisha zaidi ya hapo utapata mafungu mafungu, hutapata ukuta. Na usiipande chini ya miti, haipendi kivuli.

Nyuma ya vetiva, upande wa barabara, unaweza kuweka mstari wa minyaa. Si majani, lakini Wamasai wanazungushia maboma yao kwa sababu nzuri: inaota kwa kipande, haihitaji maji, na mifugo haiigusi. Kata kipande, kiache kivulini siku kadhaa jeraha likauke, kisha chomeka. Vaa miwani ukiikata. Utomvu wake ukiingia machoni ni hatari, na wageni wenye watoto waambiwe mapema.

Sasa nirudi kwa wenye viwanja na vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga), ambako tembo hafiki. Hapa mabingobingo na gwatemala ni wigo mzuri, tena yanalisha ng'ombe. Ukiwa juu, Machame, Kibosho, Marangu, au Tengeru kwenye unyevu, chukua gwatemala. Ina majani mapana, ni nzito kuanzia chini hadi juu, mara chache inachanua, na inaziba macho kuliko mabingobingo ambayo yakizeeka yanabaki mabua matupu chini. Udhaifu wake ni ukame. Ukiwa Kisongo au Boma Ng'ombe kwenye vumbi na upepo, mabingobingo yatakuvumilia zaidi, ila bila maji ya kiangazi usitegemee kijani mwaka mzima.

Kukata vipande ndiko watu wanakoharibia, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Tafuta shina lililokomaa, la miezi mitatu minne tangu mkato wa mwisho. Kabla ya kukata, angalia shina zima: kama majani yana umanjano na bua limedumaa huku ya jirani yakiwa yamenawiri, liache hapo hapo. Ugonjwa wa kudumaa umewatesa sana wafugaji wa Kenya na Uganda, unaenezwa na wadudu wadogo wafyonzaji lakini pia na sisi wenyewe tunaobebeana vipande vyenye ugonjwa. Shina zima la afya likate chini kabisa kwa panga kali. Theluthi ya juu, ile laini, wape ng'ombe. Ile haina akiba ya chakula, ukiipanda itaoza. Vaa mikono mirefu, vinyweleo vyake vinawasha.

Kisha vua majani ukienda polepole. Jicho, yaani chipukizi changa, limejificha chini ya ala ya jani, limekaa juu kidogo ya kifundo, ile pete ya kwenye bua, na ukivuta kwa pupa unaling'oa pamoja na ala. Jicho zuri limetuna, lina ncha ndogo, rangi yake ni kijani au lina uzambarau kwa mbali. Libonyeze kwa ukucha utalisikia gumu na lina ubichi. Likiwa la kahawia na linapukutika, kifundo hicho kimekufa. Na ukikuta jicho limeshatoa tawi refu pembeni, shina hilo limepitiliza, tafuta lingine. Utaona pia kwamba macho yanapishana, moja kulia, linalofuata kushoto.

Kipande kiwe na vifundo vitatu. Mimi nakata ncha ya chini mshazari na ya juu bapa, ili hata kijana anayenisaidia asikipande kichwa chini. Chomeka kikiwa kimelala nusu mshazari, vifundo viwili vikiwa ardhini na kimoja nje, kisha kanyaga udongo pembeni usibaki na uwazi. Sehemu kavu usisimamishe vipande. Chimba mfereji wa kina cha kiganja, laza bua zima lenye vifundo vingi, laza la pili likipishana nalo, fukia. Ardhi inatunza unyevu wake, jua halikaushi ncha, na kila kifundo kinatoa chipukizi lake.

Kwa wigo weka mistari miwili, mita moja kati yake, na nusu mita kati ya shina na shina. Shina la mstari wa pili likae katikati ya mawili ya mstari wa kwanza. Kila shimo liwe na koleo la samadi iliyoiva, maana majani haya yanakula mbolea sana. Kaa angalau mita mbili ndani ya mpaka, mizizi yake inanyonya na kivuli chake kinadumaza mahindi ya jirani. Huku uchagani mpaka unabaki kuwa masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka. Majani yako yasiyafunike masale, kesi za mipaka zimeanzia kwenye mambo madogo kuliko hayo.

Kama unasafirisha, funga vipande kwenye viroba vilivyolowa, wima, juu yake weka majani ya migomba. Vipande vilivyolala wazi nyuma ya kenta kutoka Machame hadi Kisongo saa saba mchana vinafika vimeshapoteza nusu ya uhai wake. Panda ndani ya siku mbili tatu. Msimu ni mwanzo wa masika, kuanzia katikati ya Machi, baada ya mvua kulowesha udongo kweli, si ile ya kwanza ya kutuliza vumbi. Vuli inafaa pale tu una maji ya kumalizia.

Baada ya hapo palilia. Miezi miwili ya kwanza magugu yanaua wigo kuliko ukame. Mchwa nao hupenda vipande vilivyokauka, kwa hiyo matandazo makavu yasigusane na kipande mpaka kitoe mizizi. Mbuzi mmoja tu anatosha kumaliza machipukizi ya mstari mzima, weka seng'enge au miiba ya muda. Yakifika kimo cha kifua, yakate yote yabaki sentimita 10 hadi 15. Wateja wangu huwa wanalalamika sana hapa, wanaona narudisha kazi nyuma, lakini mkato huo ndio unaolifanya shina moja litoe machipukizi mengi na chini pazibe. Ukiyaacha yapande tu utapata mabua machache marefu unayoona katikati yake.

Miaka inayofuata usikate mistari yote pamoja. Kata wa nyuma masika haya, wa mbele subiri wa nyuma uwe umesimama. Wenye mahindi mna faida ya ziada, nondo wa funza wa mabua hupenda kutaga kwenye mabingobingo kuliko kwenye mahindi, na funza wengi wanaoanguliwa humo hunaswa na utomvu wake.

Kuhusu ile supa nepia inayouzwa mitandaoni kwa kuhesabu macho, ni chotara wa mabingobingo na uwele aliyezalishwa Thailand, ni lishe nzuri. Kwa wigo peke yake, okoa fedha yako, omba mabua kwa jirani.

Na kote mnakopanda, kiangazi ondoeni majani makavu yaliyolala chini na muache ukanda mtupu kati ya wigo na nyumba. Mabingobingo makavu yakishika moto kwa upepo wa Kisongo hakuna ndoo itakayowahi.

Mkuu wa West Kilimanjaro, niambie mambo mawili: maji ya shambani ni ya bomba au unachota, na upande wa barabara una urefu gani. Kwa vetiva hesabu vichane saba hadi kumi kwa kila mita ya mstari, na kama huna bajeti hiyo nunua robo, uizidishe kwenye bustani kwa msimu mmoja, kisha ugawe.