Fua hiyo amerikani kwanza!

Weka brashi chini. Nimesoma mpaka pale ulipoandika "nitafua nikishamaliza kushona", tumbo likanisokota. Mdogo wangu, mita nne za amerikani zimetoka dukani jana, leo unataka kuzichora twiga na heroe wa mfarishi wa masika, lile tandiko la kutiwa pamba ndani? Kitambaa ambacho hakijaona maji?

Mimi wangu ulikuwa wa kipupwe, nyumbu wanavuka Mto Mara. Nyumbu tisa, wiki tatu, ndevu nimezichora unywele kwa unywele mpaka shingo ikakakamaa. Pasi ya kukaza rangi nilipiga, kwa hiyo usiniambie habari ya pasi. Nikaweka pamba ya ndani, nikashona mawimbi kwa mkono. Kesho yake mteja anakuja, nikautumbukiza kwenye beseni nitoe alama za chaki. Maji yakawa uji. Uji wa kijivu kabisa! Amerikani mpya imeshiba wanga. Rangi yangu ilikaa juu ya wanga, uzi haikuugusa. Wanga ulipotoka, rangi ikaufuata. Mto Mara uliwashindwa nyumbu wangu, wakaja kufia kwenye sabuni ya unga.

Halafu kitambaa kikarudi. Baadaye nilipima kipande kingine cha sentimita 100: kilitoka na 95. Pamba ya ndani haikurudi hata kidogo, basi mfarishi ukajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Aliyepona ni mamba peke yake. Kitambaa kilikuwa kimenipungukia, nikamchora kwenye shuka kuukuu lililofuliwa miaka na miaka, nikambandika kwa sindano. Meno yote yapo. Nimemtundika jikoni, ananicheka kila nikichemsha chai.

Na yule mwalimu wa mafunzo ya siku moja, kapokea hela zetu, katuambia "msifue, rangi itasambaa". Inasambaa, ndiyo, kama umeikoroga na maji mengi! Punguza maji. Alikuwa na aproni safi isiyo na hata doa, na mimi na akili zangu sikushtuka. Mwenye duka naye: "Ya nini kufua dada, si mpya hii?" Upya ndio ugonjwa wenyewe, baba.

Fua kwa maji ya moto na sabuni, ile ya kulainishia nguo usiitie. Suuza mpaka maji yatoke masafi, anika, nyoosha. Kisha dondosha tone moja la maji juu yake. Likisimama kama kwenye jani la yugwa, rudi kwenye beseni. Likizama, chora. Mimi sasa hata leso ya kujaribia rangi naipima kwa tone, mume wangu anadhani nimeingia kwenye uganga.

Uliuliza nini tena, brashi namba ngapi? Na pinki ya heroe? Watakujibu wengine. Beseni unalo?