Handikapu imepanda, mkono unashtuka kwenye griini: nijitoe?

*Shangazi, shikamoo. Nacheza gofu mwaka wa sita sasa. Msimu huu nilianza na handikapu 17.4 (namba ya kiwango cha mchezaji, ndogo ndiyo bora), nikashuka hadi 14.6 na kushinda medali ya mwezi. Ushindi huo ndio ulioniponza. Nilinunua draiva mpya, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, nikabadili mshiko kwa kufuata video, na tangu hapo naporomoka tu. Leo niko 18.2. Kuna Jumamosi nilipiga mikwaju 92, kadi yangu ya kawaida kabisa, handikapu ikaruka kutoka 16.3 hadi 17.2! Kwenye griini, pale penye nyasi fupi na shimo, mkono wa kulia unashtuka hata mpira ukiwa mita moja kutoka shimoni. Shimo la 16, pa 4 (la kumalizwa kwa mikwaju minne), limenipa 9 mara mbili. Wenzangu wawili wananong'ona kwamba najipandishia handikapu kusudi, nije nivune kwenye ubingwa wa klabu mwezi ujao. Mume wangu naye anasema Jumamosi jioni sisemezeki. Nijitoe, nipumzike hadi msimu ujao? – Mchovu wa Mashimo 18*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo Jumamosi ya 92, maana imekutisha bure.

Mfumo wa handikapu wa dunia, unaotumika tangu 2020, huchukua raundi zako 20 za mwisho, ukachagua 8 bora na kutafuta wastani wake. Kila raundi hupewa alama yake: unatoa kadirio la uwanja (mikwaju anayotarajiwa mchezaji hodari kupiga hapo) kwenye mikwaju yako, unazidisha kwa 113, kisha unagawanya kwa slopu ya uwanja (kipimo cha ugumu wake kwa mchezaji wa kawaida akilinganishwa na hodari). Tuseme kadirio ni 71.4 na slopu ni 128. Kadi ya 92 inatoa 18.2. Sasa, siku hiyo raundi yako ya zamani kabisa ilitoka kwenye zile 20. Kama hiyo iliyotoka ilikuwa ya 11.0, mojawapo ya zile 8 bora, na 18.2 ikaingia mahali pake, tofauti ni 7.2. Gawanya kwa 8, unapata 0.9. Ndiyo hiyo 0.9 yako! Hukucheza vibaya, siku nzuri ya zamani ndiyo iliyokwisha muda. Fungua rekodi yako uangalie ni alama gani nzuri nyingine zimekaribia kutoka, ili usishtuke tena.

Kuna jambo la pili kwenye hesabu hiyo ambalo wachezaji wengi hawalitaki. Handikapu ni wastani wa siku zako 8 bora, wala si wastani wa siku zako zote. Kwa hiyo raundi yako ya kawaida lazima iwe juu yake. Ulipokuwa 14.6 ukawa unajidai 14.6 kila Jumamosi, ulikuwa unajidai siku bora kila wiki. Nadhani hapo ndipo mkono wa kwenda dukani ulipoanza kuwasha.

Kupumzika hakutakusaidia kitu kwenye namba. Mfumo unahesabu raundi, hauhesabu miezi. Ukikaa nje hadi msimu ujao utarudi na kadi zile zile 20, na mikono yenye kutu.

Sasa draiva na mshiko. Ulibadili vitu viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo hujui kipi kinakuharibia. Mshiko mpya huchukua wiki nyingi kuzoeleka, na katikati ya msimu wenye mashindano hakuna wiki za kupoteza. Rudisha mshiko wa zamani leo. Huo mpya, kama bado unautaka, uufanyie kazi msimu ukiisha, mbele ya mwalimu mmoja anayekuona kwa macho yake. Video haioni vidole vyako viko wapi.

Ukisharudi kwenye mshiko wako, beba draiva zote mbili uwanjani pa mazoezi. Nyunyizia uso wa fimbo poda ya miguu ile ya kopo. Kila mpira utaacha alama pale ulipogusa. Piga mipira 10 na kila moja, kwa kupishana mitano mitano ili uchovu usiangukie draiva moja. Chagua njia yenye upana wa kama hatua 30, uhesabu mipira iliyobaki ndani. Halafu tazama alama. Kama unatumia mkono wa kulia na alama zimerundikana upande wa kisigino, karibu na shingo ya fimbo, mpira utapinda kulia. Zikikaa upande wa ncha, utapinda kushoto. Hilo ni kosa la mahali pa kugusa, na ukianza kurekebisha mzunguko wa mabega kwa ajili yake utajiharibia zaidi. Draiva za siku hizi huwa na urefu wa inchi 45 au zaidi, ndiyo maana wengi hawagusi katikati. Shika inchi moja chini ya mwisho wa mpini, urudie mipira 10. Utapoteza mita chache, utabaki na mpira unaoonekana.

Mkono unaoshtuka ndio jambo zito kwenye barua yako, kwa hiyo hapo nitakaa kidogo. Kwanza ujue ni mshtuko wa aina gani. Nenda griini peke yako, weka mpira mita moja kutoka shimoni, sukuma mara 10. Kisha ondoa mpira, ufanye mwendo ule ule mara 10 hewani. Kama hewani mkono umetulia na kwenye mpira unaruka, unaoshtuka nao ni matokeo, na hilo hutibika kwa kubadilisha unachokitazama. Sukuma ukiwa unatazama shimo badala ya mpira, au funga macho kabla fimbo haijaanza kurudi nyuma. Inaonekana kichekesho, lakini mkono unakosa ile nukta ya kugusa unayoiogopa. Kama unaruka hata hewani, badili kazi ya mikono: weka wa kushoto chini na wa kulia juu, au shika mpini kwa vidole vya kulia kama unavyoshika kalamu, kushoto kukiwa ndiko kunakoongoza. Bingwa wa Kijerumani Bernhard Langer alisumbuliwa na tatizo hili hili miaka mingi, akabadilisha mshiko wa kusukumia zaidi ya mara moja, na bado alishinda mashindano makubwa ya Masters mwaka 1985 na 1993. Na kama mkono huo unaruka hata ukiwa umeshika kalamu au kijiko, acha gofu kando kidogo umwone daktari.

(Najua nimekukataza kubadili mshiko, sasa nakuambia ubadili. Wa draiva haukuwa na ugonjwa. Huu unao.)

Kwa mita moja, choma tii mbili (vijiti vya kuwekea mpira) ardhini kama lango, upana wa kichwa cha fimbo yako pamoja na kidole kimoja kila upande. Pitisha fimbo langoni mara 20 kila unapokwenda mazoezini, usizidishe. Fimbo ikiyumba itagonga tii, kwa hiyo lango linakuonyesha kosa papo hapo. Lakini misukumo mitatu (kusukuma mara tatu kwenye griini moja) mara nyingi haitoki mita moja. Inatoka kwenye msukumo wa kwanza ulioachwa mbali. Chukua mipira mitatu, simama hatua 6, kisha 9, kisha 12. Lengo si kuingiza. Kila mpira ufike shimoni au upite, usisimame zaidi ya urefu wa fimbo moja nyuma yake. Hata mabingwa wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani, kutoka futi 8 huingiza karibu nusu tu. Kwa hiyo ukikosa ya mita mbili na nusu, usikasirike kana kwamba umeibiwa.

Shimo la 16. Hukuniandikia ile 9 ilijengwaje, lakini 9 kwenye pa 4 mara nyingi hujengwa hivi: mpira wa kwanza mitini, wa pili unajaribu kupenya kitundu kati ya matawi, unagonga shina, wa tatu unajaribu tena kwa hasira. Ukiwa mitini, tafuta njia pana kuliko zote ya kurudi faiwei (njia ya nyasi fupi iendayo griini), hata kama ni ya pembeni, hata kama ni ya nyuma. Toka kwa aini 7, fimbo ya chuma ya wastani, mikono ikishika chini kidogo kwenye mpini, mzunguko mfupi. Kutoka hapo 6 ipo mkononi. Ukihisi mpira umepotea au umetoka nje ya mipaka, tangaza na upige mpira wa muda kabla hujaondoka kwenye tii, pale pa kuanzia shimo. Muda wa kutafuta ni dakika 3, ukiisha na hukupiga mpira wa muda, unarudi ulikotoka na adhabu ya mkwaju mmoja. Na kwa shimo hili draiva ibaki mkobani. Tumia fimbo unayoweza kuipiga faiwei mara 7 kati ya 10.

Kwa ajili ya handikapu, ile 9 haiandikwi 9. Kikomo cha kila shimo ni pa, ongeza 2, ongeza mikwaju ambayo handikapu yako inakupa shimo hilo. Ukipewa mmoja kwenye 16, kikomo ni 7. Lakini kama ubingwa wenu ni wa kuhesabu mikwaju, siku hiyo 9 inabaki 9.

Wanaonong'ona usibishane nao mezani. Nenda kwa kamati ya handikapu, uombe waipitie rekodi yako kabla ya mashindano. Wana mamlaka ya kuirekebisha wakiona haifanani na uwezo wako. Hakikisha kila kadi inayostahili imeingizwa siku ile ile, ikiwa na sahihi ya mwandishi wako (mwenzako anayekuandikia kadi), nzuri na mbaya. Tena mfumo wenyewe unakubana. Kwa kuwa chini kabisa ndani ya siku 365 ulifika 14.6, kila kinachozidi 17.6 hukatwa nusu, na huwezi kupita 19.6 hata ukipiga mia kila wiki. Hiyo 18.2 yako, bila breki hiyo, ingekuwa 18.8. Anayetaka kujipandishia handikapu kusudi hafiki mbali kwa njia hiyo, na kamati wanalijua hilo.

Mumeo anasema kweli, na wala hajakuomba uache gofu. Kabla ya kuwasha gari, andika nyuma ya kadi vitu vinne tu: adhabu ngapi, misukumo mitatu mingapi, chipu (mipigo mifupi ya karibu na griini) ngapi hazikufika griini, mipira mingapi ya tii iliyopotea. Kadi ibaki kwenye mkoba hadi siku ya mazoezi. Akiuliza ulichezaje, mjibu kwa sentensi moja, kisha umuulize siku yake ilikuwaje. Kama ulikuwa unacheza mara tatu kwa wiki, mwezi huu cheza mara moja na ufanye mazoezi mara moja. Hiyo jioni inayobaki ni yenu.

Kwa hiyo jibu ni hapana, usijitoe. Jiandikishe kabla orodha haijafungwa. Ukishapiga hiyo mipira 20, niandikie kila draiva imekupa mingapi ndani ya zile hatua 30, na alama za poda zimekaa upande gani.

Shangazi