Masta inaanzia mwaka wa pili
Mdogo wangu umeuliza kama mtoto wa mvuvi toka Ukerewe, wa kwanza kwao kufika chuo, anaweza kusoma masta, anaweza kabisa! ila anza sasa ukiwa mwaka wa pili. Fildi omba TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) au NIMR (ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), wote wana vituo hapa hapa Mwanza, ukipewa kazi hata ya kupima urefu wa sangara mwaloni ifanye kwa moyo, maana barua ya rekomendesheni yenye uzito inatoka kwa mtu aliyekuona kazini sio lekchara anayekujua kwa namba ya usajili tu. Marekani wana programu ya McNair, vijana wa kipato cha chini wanafanya utafiti na profesa kabla hawajamaliza digrii. Wewe profesa wa kukusimamia utafiti mtafute mwenyewe, kagonge mlango jumatatu. Chevening, ule ufadhili wa masta wa serikali ya Uingereza, iache kwanza, wanataka miaka 2 ya kazi.