Maswali yenu: kodiani ya Louisiana na wanaoipiga

Wiki iliyopita nilitaja kwa kupita tu kwamba huko Louisiana, kusini mwa Marekani, kuna watu, Wakajuni, wanaoimba Kifaransa na kupiga kodiani mpaka sakafu inatetemeka. Simu yangu haijapumzika tangu hapo. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Hao Wakajuni ni Wafaransa au Wamarekani? (Msomaji, Morogoro)

Wamarekani, ila wamefika hapo kwa mzunguko. Mababu zao walitoka Ufaransa miaka ya 1600 wakaenda kulima Acadie, ambako leo ni Nova Scotia na majirani zake huko Kanada. Mwaka 1755 Waingereza walianza kuwafukuza. Nyumba zilichomwa, familia zikapakiwa melini na kutawanywa. Kuanzia miaka ya 1760 baadhi yao wakajikusanya Louisiana, na mwaka 1785 meli saba zikaleta wengine kama 1,600 waliokuwa wamekwama Ufaransa. Neno "Acadien" likaliwa kichwa, likawa "Cadien", na wasema Kiingereza wakalitamka Cajun. Louisiana waliwakuta wenyeji asilia, Wahispania, Wajerumani na watu weusi, watumwa na huru. Kila mmoja ana mkono wake katika muziki huu.

Kodiani yao ndiyo hii ya taarab? (Msomaji, Unguja)

Hapana, ingawa ni ndugu. Kodiani tuliyoizoea kwenye taarab ina vibao kama vya piano. Yao ni kisanduku kidogo cha mbao chenye vitufe 10 upande wa kulia na viwili tu vya besi kushoto. Ukisukuma, kitufe kinatoa sauti moja. Ukivuta, kitufe kilekile kinatoa nyingine. Kwa hiyo mpigaji hana nafasi ya kuremba kwa utulivu: kila mstari wa wimbo ni sukuma-vuta, sukuma-vuta, na mdundo unaanzia kwenye viwiko vyake kabla haujafika miguuni mwa wachezaji. Niliwahi kuazimwa moja kwa dakika tano. Ikatoa sauti ya mbuzi aliyebanwa mlangoni, nikairudisha kwa adabu.

Vitufe hivyo vyote ni vya ufunguo mmoja, aghalabu C. Wimbo ambao noti zake hazimo hupindwa mpaka uingie, au huachiwa fidla. Na fidla ndiyo mkubwa wa nyumba, ilikuwapo zamani kabla kodiani za Kijerumani hazijaingia katika karne ya 19. Kwa mtindo wa zamani hupigwa mbili: moja inabeba wimbo, nyingine inakaa chini yake ikishikilia mdundo. Vita Kuu ya Pili ilipokata mzigo kutoka Ujerumani, mafundi wa Louisiana wakaanza kuunda kodiani zao wenyewe; Sidney Brown wa Lake Charles ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza. Ongeza gitaa, na pembetatu ya chuma wanayoiita 'tit fer, yaani kichuma. Nzuri kuliko zote zilipindwa kutokana na meno ya reki kuukuu za kukusanyia majani makavu shambani.

Mbona waimbaji wanalia kama wamefiwa? (Msomaji, Nakuru)

Muziki huu ulikulia sebuleni. Jumamosi jioni fanicha zinatolewa nje, watoto wanalazwa chumba kimoja (ndiyo maana dansi yenyewe ilikuja kuitwa fais do-do, maneno ya kumbembeleza mtoto alale), na watu wanacheza mpaka usiku mkubwa. Vipaza sauti havikuwapo. Mwimbaji asiyepandisha sauti juu kabisa anazimwa na viatu.

Maneno nayo ni ya majonzi kweli: mke kaondoka, mama kafa, nimebaki peke yangu duniani. Huku watu wanazunguka kwa walzi wakitabasamu. Aliyewahi kumwona bibi harusi akicheza wimbo wa talaka hatahitaji maelezo zaidi.

Zydeco na muziki wa Kikajuni si kitu kimoja? (Wasomaji watatu, mmoja akiwa mkali)

Si kimoja, lakini anayekwambia havina undugu anakupotosha. Zydeco ni muziki wa Wakrioli weusi, yaani watu weusi wenye asili ya kusema Kifaransa, wa Louisiana hiyohiyo, wenye bluzi na R&B ndani yake na bati la kukwaruzwa linalovaliwa kifuani. Mfalme wake, Clifton Chenier, alipenda kodiani kubwa ya vibao vya piano.

Rudi nyuma kidogo, uone mpaka huo unavyoyeyuka. Amédé Ardoin, mpiga kodiani, alikuwa Mkrioli mweusi, mfupi wa kimo, mwenye sauti kali ya kuchoma. Mwaka 1929 alirekodi na Dennis McGee, mzungu mpiga fidla. Wawili hao walipiga pamoja katika nyumba za wazungu wakati ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa meza moja nao. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja msichana wa kizungu alimpa kitambaa afute jasho, na wanaume wawili wakamvizia njiani wakampiga vibaya mno. Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili huko Pineville mwaka 1942. Hadi leo mpigaji kodiani wa Kikajuni anayejua kazi yake, mweupe au mweusi, anapiga nyimbo za Ardoin. Kwa hiyo mnaponiandikia kwamba huu ni "muziki wa wazungu", nawaomba mmsikilize huyu kwanza.

Wanaelewa wanachoimba? (Msomaji, Dodoma)

Wazee ndiyo. Vijana, inategemea. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 ilifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya shule, na mtoto aliyeponyokwa na Kifaransa uwanjani aliadhibiwa. Wasomaji waliowahi kuvalishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama wanaijua aibu hiyo. Watoto hao walipozaa hawakuwafundisha wanao. Mwaka 1968 jimbo likaunda chombo cha kukiendeleza Kifaransa, na sasa kuna shule zinazofundisha kwa lugha hiyo. Wapo pia wanamuziki waliojifunza Kifaransa kwa sababu ya nyimbo.

Nianze na bendi zipi? (Wengi)

Rekodi ya kwanza ni ya Joe Falcon na Cléoma Breaux, mwaka 1928. Cléoma anapiga gitaa, na mkono wake hautetereki. Miaka ya 1930 bendi za nyuzi kama Hackberry Ramblers ziliisukuma kodiani pembeni, mpaka Iry LeJeune, mtu asiyeona vizuri, alipoirudisha kwa kishindo mwaka 1948. Wimbo wake wa kwanza unakwaruza, unalia, na mimi siuchoki.

Kisha Balfa Brothers. Dewey Balfa alikwenda tamasha la muziki la Newport, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mwaka 1964, huku mhariri wa gazeti la kwao akikejeli kwamba muziki huo utawaaibisha. Maelfu walisimama kushangilia. Dewey akarudi nyumbani na kazi moja tu kichwani, kuwaonyesha watu wake walichokuwa nacho. Sikiliza fidla zake na za kaka yake Will zikijibizana.

Kwa masikio ya leo kuna BeauSoleil ya Michael Doucet, iliyoanza 1975 na yenye Grammy mbili, na Steve Riley na Mamou Playboys kama unataka kucheza. Lost Bayou Ramblers wanatia umeme mwingi. Baadhi ya wazee hawawapendi, mimi nawapenda.

Niko Houston. Naweza kwenda kuona kwa macho? (Msomaji, Texas)

Una bahati. Mji wa Lafayette, Louisiana, ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa gari. Nenda Ijumaa, ulale, kwa sababu mambo yenyewe ni Jumamosi asubuhi. Mji mdogo wa Mamou una baa iitwayo Fred's Lounge, ambayo kwa miongo mingi imejulikana kwa dansi la asubuhi linalorushwa redioni. Katika mji wa Eunice kuna duka la Marc Savoy, muundaji wa kodiani, ambako wazee na vijana hukaa duara na kupigiana. Piga simu kwanza uhakikishe siku. Watu huleta boudin, soseji ya wali na nyama; mara nyingi ni nguruwe, kwa hiyo anayejizuia aulize. Na ukijisikia kushiriki, usikimbilie 'tit fer kwa kudhani ni rahisi. Pale pembetatu ni moja tu kwa wakati mmoja, na aliyeishika huwa haiachii upesi.